Usiwape Jibu Bado: Kwa Mwalimu Anayeanza Kufundisha Sayansi Jangwani

Nunua machungwa matatu. Nunua kwa mchuuzi wa toroli pale Mtaa wa Msimbazi, yule anayemenya kwa kisu huku anaongea na mteja mwingine bila hata kuutazama mkono wake. La kwanza akupe na ganda lake. La pili akumenyee kama kawaida, rangi ya kijani itoke na ngozi nyeupe ibaki. La tatu kalimenye mwenyewe nyumbani mpaka ibaki nyama tupu. Jaza ndoo maji. Kabla hujatumbukiza chochote, andika kwenye karatasi: lipi litaelea, lipi litazama, na kwa sababu gani.

Ifanye kazi hii jioni ya leo. Kama umepangiwa Sayansi Darasa la Tatu au la Nne katika mojawapo ya shule za huku Jangwani, Gerezani au Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ianze hii, azimio la kazi na andalio la somo vifuate. Chungwa lenye ganda litaelea. La nyama tupu litazama, ingawa ndilo jepesi zaidi mkononi. Hayo mawili nakuambia. Lile la katikati sikuambii.

Wengi wanaopewa Sayansi katika shule ya msingi hawakuiomba. Huenda wewe mwenyewe uliziaga Fizikia na Kemia ulipofika Kidato cha Tatu, pale mwanafunzi aliporuhusiwa kuziacha, ukahamia upande wa Historia na Kiswahili na ukashukuru Mungu. Sasa ratiba imekukuta. Umekabidhiwa kitabu cha Taasisi ya Elimu na boksi la chaki, na darasani kuna watoto themanini na kitu, watatu hadi wanne kila dawati. Unaogopa mtoto atauliza jambo usilolijua.

Atauliza. Tena halitakuwa swali la kitabuni, maana mtoto wa huku ameona mengi kabla hajajua kusoma: ameona fundi akichomelea geti, mkokoteni ukisukumwa kinyumenyume kupanda ukingo wa barabara, samaki akipigwa barafu, maji ya mto yakiingia ndani hadi kitandani. Ufundi wa somo hili haupo katika kuyajua majibu yote. Upo katika kile unachokifanya sekunde tano baada ya swali kuulizwa.

Hapa nchini tuna kisa kimoja kinacholionyesha jambo hili kuliko vitabu vyote vya mbinu. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba huko Lushoto, mvulana wa Kidato cha Tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kusubiri yapoe, kisha kuyaingiza kwenye friji. Nafasi ilikuwa ndogo na wagombea wengi. Mpemba akahofia kukosa, akayaingiza ya kwake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganya mambo, hilo haliwezekani. Baadaye wauza aiskrimu wa Tanga walimwambia kwamba wao siku zote huweka mchanganyiko wa moto ili ugande haraka. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akauliza tena. Safari hii mwalimu alimjibu kwa kejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na tangu siku hiyo kila akikosea hesabu wenzake walimrushia maneno hayohayo.

Kisha Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu hapa Dar es Salaam, akaenda Mkwawa kutoa mhadhara. Mpemba akainua mkono na kuuliza swali lake mbele ya wote. Wanafunzi wakaangua kicheko. Osborne naye hakuamini, lakini aliahidi kwamba atajaribu. Aliporudi Dar es Salaam akampa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akaleta taarifa kuwa maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Wakarudia, na jibu likabaki lilelile. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa chuo cha wanyamapori cha Mweka, Moshi. Ubishi haujaisha: mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima kwa uangalifu mkubwa na kusema hawakuuona ushahidi wa kuaminika wa jambo hilo. Lakini kote duniani linaitwa kwa jina la kijana wetu wa Magamba.

Nakusimulia kisa hiki kwa ajili ya Osborne. Mpemba amesifiwa vya kutosha. Osborne alikuwa na kila sababu ya kucheka pamoja na darasa: alikuwa na shahada, na alikuwa mgeni wa heshima. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Alikwenda kupima, na yalipotoka matokeo asiyoyatarajia aliyaandika na kuliweka jina la kijana mbele ya lake.

Mimi, kwa bahati mbaya, nimewahi kuwa upande wa wale walimu wengine.

Kwa miaka mingi nilifundisha jaribio la mshumaa. Unalijua: mshumaa unasimamishwa kwenye sahani yenye maji, unafunikwa kwa glasi, unazimika, maji yanapanda ndani ya glasi. Nilikuwa nawaambia watoto kwamba moto umekula oksijeni, ambayo ni kama sehemu moja ya tano ya hewa, na maji yamekwenda kukalia nafasi yake. Ubaoni nilichora glasi na mstari kabisa. Mwaka mmoja binti wa dawati la mbele, mtoto wa mama lishe, akasema: “Mwalimu, mbona maji hayapandi mshumaa ukiwa unawaka? Yanapanda ukishazimika.” Nikamwambia akae, kengele inakaribia.

Kengele haikuwa inakaribia.

Usiku ule nikawasha mshumaa jikoni kwangu. Mtoto alikuwa sahihi. Mwali unapowaka maji yanakaribia kutulia tu. Ukifa, yanapanda mara moja. Na ukiwahi kutazama pale unapofunika glasi, utaona mapovu yakiponyoka chini ya mdomo wake. Nikaweka mishumaa miwili chini ya glasi ileile: maji yakapanda zaidi, ilhali oksijeni ya glasi haikuongezeka. Kumbe kazi kubwa inafanywa na joto. Hewa inapashwa moto, inatanuka, sehemu yake inatoroka. Mwali ukifa, hewa iliyobaki inapoa na kusinyaa, na hewa ya nje inayasukuma maji yaingie. Isitoshe, mshumaa huzimika oksijeni ikiwa bado ipo, ila imepungua mno kuuendeleza moto. Nilikuwa nimelifundisha kosa lile kwa watoto sijui mia ngapi, na kuwatungia maswali ya mtihani juu yake. Asubuhi nilimwita yule binti mbele, nikamwomba aulize upya kwa sauti ili darasa zima lisikie, kisha tukawasha mishumaa.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza kwako ni hii: kila jaribio lifanye nyumbani siku moja kabla, na ulifanye kama mtu anayetafuta kosa la kitabu. Mara tisa kati ya kumi hutaliona. Ile ya kumi itakuokoa na aibu kama yangu. Na hata pale kitabu kisipokosea, utagundua mambo ambayo andalio la somo haliyasemi: kwamba kiberiti kimeingia unyevu, au kwamba feni la darasani linazima mshumaa.

Swali likikushinda, sema “Sijui”. Watoto hawatakudharau, wanayemdharau ni mwalimu anayedanganya, na wanamjua upesi kuliko unavyodhani. Lakini usiishie hapo, na wala usiseme “swali zuri, mkalitafute nyumbani”, maana hiyo ni njia ya adabu ya kulizika. Uliza: “Tutapimaje?” Tundika daftari moja kwenye msumari karibu na ubao, liitwe daftari la maswali, na kila swali liandikwe pamoja na jina la mwenye nalo. Ijumaa chagua moja linaloweza kupimwa kwa vitu vya mtaani. Siyo yote yanapimika. Niliwahi kuulizwa Mungu alimuumba mbu kwa kazi gani; nikamwambia mtoto amfikishie ustadhi wake, na mwingine aliyetaka kudandia swali hilo nikamwelekeza kwa katekista.

Sasa darasa lenyewe. Una kipindi cha dakika arobaini na watoto themanini, na ukisimama mbele na ndoo yako moja watakaoona ni ishirini. Wengine watapigana vikumbo. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kugawa vifaa vidogo kwa kila dawati, na kwa mambo mengi inawezekana: kopo, uzi, kijiwe, kifuniko cha soda. Ya pili, pale kifaa kinapokuwa kimoja, ni kuwafanya wote wawe na hisa katika matokeo kabla hayajatokea. Inua chungwa juu. Wanaosema litaelea, mikono juu. Hesabu, andika namba ubaoni. Wanaosema litazama, hesabu, andika. Chagua mmoja kila upande atetee msimamo wake kwa dakika moja. Sasa tumbukiza. Mtoto aliyekwisha kupiga kura hachezi na jirani; anataka kujua kama ameshinda. Ukiwaambia jibu kabla ya kura, umelimaliza somo lako mwenyewe.

Onyo moja: makundi usiyaite Simba na Yanga. Nililijaribu mara moja, tena katika mtaa ambao makao ya Yanga yapo hapohapo jirani, na somo la nyenzo na egemeo likageuka dabi ya Kariakoo. Yape majina ya matunda.

Watoto wa huku wana utajiri ambao wenzao wengi hawana: wamekulia kwenye mizani. Mtoto wa mchuuzi wa dagaa anajua tangu ana miaka sita kwamba kopo na kilo ni vitu viwili, na kwamba mjanja anayekuuzia kwa kopo huligonga au haligongi kutegemea nani anafaidika. Anaijua sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, anaijua lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake, anajua kwa nini Wakala wa Vipimo wanaipiga vita. Hayo yote ni sayansi ya vipimo ambayo kitabu kitakuja kuiita ujazo na tungamo. Basi anzia kwake. Uliza: kilo ya dagaa na kilo ya chumvi, ipi nzito? Watakaosema chumvi utawaona wakijishtukia wenyewe katikati ya sentensi. Kisha chukua kopo moja, lijaze dagaa wakavu, mpime. Lijaze mchele, mpime. Lijaze chumvi, mpime. Lijaze mchanga, mpime. Kila safari wakisie kwanza. Andika gramu zote ubaoni kwa mpangilio.

Nafasi ni ileile, uzito unabadilika. Hapo ndipo uwarudishe kwenye ndoo ya machungwa, maana kura ya siku ile ilikuwa bado haijapata maelezo. Ganda la chungwa lina vishimo vingi vidogo vyenye hewa. Linaongeza uzito kidogo, lakini linaongeza nafasi zaidi ya linavyoongeza uzito, kama mtoto aliyevaa boya. Usiwape maelezo haya wewe. Waulize kopo la dagaa linafanana na chungwa lipi, kisha nyamaza. Kunyamaza ni kugumu kuliko kusema. Hesabu moja hadi kumi moyoni. Kwa kawaida kabla ya nane kuna mkono umeinuka.

Utaona kwamba hadi sasa sijakupa istilahi hata moja ya kuwaandikisha. Ni kwa makusudi. Mtoto wa Darasa la Tatu akilipata neno kabla ya kitu, atalikariri neno na kitu hatakiona. Mwache aseme kwa maneno yake, hata yakiwa ya mtaani, kisha umwambie: hiki ulichokieleza, kitabuni kinaitwa hivi. Neno likija wakati huo linabaki. Tunayo bahati kwamba shule zetu nyingi za msingi za serikali zinafundisha Sayansi kwa Kiswahili. Ubishi wa kweli unaendeka kwa lugha ambayo mtoto hugombana kwayo nyumbani. Usiipoteze bahati hiyo kwa kuwafanya wakariri fasili.

Maneno ya mtaani yenyewe ni dirisha. Watoto wa Dar es Salaam husema chupa ya soda baridi “inatoka jasho”, na wengi wao wanaamini hivyohivyo: maji yanapenya kutoka ndani, kama jasho linavyotoka kwenye ngozi. Usiwakosoe. Leta soda nyekundu iliyotoka kwenye friji la duka la jirani, kizibo kisifunguliwe, uifute kwa karatasi nyeupe. Matone hayana rangi. Baadhi watasema rangi imechujwa na chupa. Hilo ni jibu la heshima, lipe heshima yake: ipime chupa kwenye mizani ndogo ya kidijitali, ile ya kupimia viungo, ikiwa imetoka kwenye friji na kufutwa kavu, kisha ipime tena baada ya robo saa ikiwa imelowa. Kama jasho lingetoka ndani, uzito usingebadilika. Unaongezeka. Maji yametoka wapi basi? Joto la jiji hili lenye unyevu wa bahari litakusaidia; jaribio hili halijawahi kuniangusha mwezi wowote.

Umeme ufundishe kwa betri za tochi tu. Kila mtoto achore kwanza namna ya kuwasha balbu ndogo kwa betri moja, na utaona wengi wanachora waya mmoja kutoka kichwa cha betri hadi kitako cha balbu, kwa sababu nyumbani waya wa taa unaonekana kuwa mmoja. Wape betri, balbu na vipande viwili vya waya vilivyochunwa ncha. Waache wahangaike. Dakika ya kwanza balbu inapowaka katika dawati moja utasikia kelele ambayo mwalimu wa zamu atakuja kuiulizia. Mwambie ni Sayansi. Vifaa hivi vyote utavipata Gerezani au kwa mafundi wa redio, mara nyingine bure ukisema ni vya shule. Hapa ndipo niwe mkali: soketi ya ukutani haiguswi, hata kwa mfano. Betri chakavu za simu kutoka Mtaa wa Aggrey hazifunguliwi wala kutobolewa, zinaweza kushika moto. Na betri ndogo za saa, zile bapa kama kifungo, usizilete kabisa. Mtoto akimeza moja inaweza kumuunguza koo kwa saa chache tu.

Zipo mada ambazo sikushauri uzifanyie fujo yote hii. Usafi wa mwili, kanuni za afya, huduma ya kwanza: zifundishe kwa kifupi na kwa vitendo vya kawaida, uende mbele. Nguvu zako ziweke kwenye mada mbili tatu kwa muhula ambazo mtaa wenyewe unazidai. Kwa Jangwani, mada hizo ni maji na mbu.

Kila mtu hapa anaijua historia ya maji. Desemba 2011 Mto Msimbazi ulifurika na kuua watu, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Miaka iliyofuata maji yamerudi mara kadhaa, na karakana ya mwendokasi pale Jangwani imezama zaidi ya mara moja. Katika darasa lako wamo watoto ambao magodoro yao yamewahi kuanikwa juu ya paa. Kwa hiyo usianze na mafuriko. Anza na mvua.

Tengeneza kipimamvua. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka, kata sehemu ya juu, igeuze iwe kama faneli. Weka vijiwe chini isipeperushwe, mimina maji hadi yafunike vijiwe na kitako chenye mabonde, hapo weka alama ya sifuri, kisha bandika rula ubavuni. Iweke uwanjani mbali na miti na kuta. Isomwe kila siku saa tatu asubuhi na mtoto wa zamu, iandikwe, kisha maji yarudishwe kwenye sifuri. Baada ya wiki mbili za masika watakuwa wanazisikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kama watu wa kazi moja nao.

Sasa wape hesabu. Mvua ya milimita moja kwenye eneo la mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa la jengo la madarasa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 lina mita za mraba 160. Ikinyesha milimita 10, paa hilo peke yake limepokea lita 1,600, yaani ndoo themanini za lita ishirini. Watoto wanaochota maji kwa ndoo wanaujua uzito wa namba hiyo. Kisha subiri swali, kwa sababu litakuja: “Mwalimu, mbona siku ile kwetu ilinyesha kidogo tu na mto ukajaa?” Hapo chora mto wote, kutoka milima ya Pugu kule Kisarawe, ukipita Ukonga, Vingunguti na Kigogo, hadi baharini kwenye Daraja la Salenda. Waulize ni mapaa mangapi yapo njiani. Waulize pale penye zege maji yanaingia wapi. Baadhi ya watoto hawa wamesikia watu wazima wakilaumiana kuhusu mafuriko tangu wazaliwe. Ni mara yao ya kwanza kuona kwamba jambo hilo lina hesabu.

Mtoni usiwapeleke. Maji ya Msimbazi yana uchafu wa vyoo na viwanda, na hakuna somo lenye thamani ya kuhara. Mbu utawapata uwanjani: acha kopo la maji kwenye kivuli kwa siku kadhaa, ukiona viluwiluwi wahamishie kwenye chupa angavu, funika kwa kipande cha chandarua na ukifunge kwa mpira. Watoto waitazame kwa jicho kila siku. Kwa joto letu, kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi mbili. Waambie wachunguze viluwiluwi wamekaaje: wale wanaoning'inia vichwa chini wakipumulia mkia ni wa mbu wa majumbani na mashimo ya maji machafu, au wa mbu weusi wenye madoa meupe wanaoeneza dengue; wale wanaolala bapa sambamba na uso wa maji ni wa mbu wa malaria. Mwaka 2004 jiji hili lilianzisha mpango wa kuwatumia wakazi wa mitaa kukagua madimbwi na kuweka dawa ya kuua viluwiluwi, na ukaguzi wa namna hiyo huanza na kutazama tu. Siku mbu wa kwanza atakapotoka, hakikisha chandarua hakina tundu. Kisha imwagie chupa nzima maji ya moto, usione huruma.

Mwalimu wa taaluma atakuuliza utamaliza mada lini. Ana haki, Upimaji wa Darasa la Nne hausubiri mbu wakomae. Jaribio moja kubwa kwa wiki mbili linatosha; mengine yawe ya dakika kumi. Yaingize yote kwenye shajara ya somo, pamoja na kura za watoto na nani aliuliza nini, ili mthibiti ubora wa shule akija aone kazi. Na mkikutana kwenye MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, peleka mshumaa, sahani na glasi. Waulize wenzako maji yanapanda lini. Utashangaa wangapi kati yetu tumekuwa tukichora ule mstari.

Limebaki moja, na halina gharama yoyote. Shule yako ina mlingoti wa bendera. Waulize watoto kama jua la saa sita linakuwa utosini kila siku. Karibu wote watasema ndiyo, na walimu wenzako pia. Wapange zamu wapime kivuli cha mlingoti mchana kila wiki, wakiweka alama ya chaki ardhini. Mwezi Juni, kivuli cha mlingoti wa mita sita kitakuwa karibu mita tatu na nusu, kikielekea kusini. Desemba kitakuwa chini ya mita mbili, kikielekea kaskazini. Jua linapita juu ya Dar es Salaam kabisa mara mbili tu kwa mwaka, karibu na tarehe 3 Machi na tarehe 10 Oktoba. Siku ya Machi watoe nje wote saa sita na dakika 35 mchana, kila mmoja na kijiti kilichonyooka. Atakayekisimamisha wima barabara hatakiona kivuli chake. Wingu likitanda, mngoje Oktoba. Mwezi huo itakuwa saa sita na dakika kumi.